Unachopata ukijiunga na chama cha wakusanyaji wa sarafu na stempu

Kuna sarafu moja kubwa ya fedha ambayo bado inatoka kwenye masanduku ya familia za Unguja, Lamu na Mombasa. Upande mmoja ina mwanamke mwenye ushungi, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka uliochapwa ni 1780. Ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Anayeikuta kwa mara ya kwanza hupiga hesabu haraka: miaka zaidi ya 240, basi hii ni mali. Ukweli ni kwamba Maria Theresa alifariki mwaka huohuo wa 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameizoea sura yake na hawakutaka nyingine, sarafu iliendelea kupigwa kwa mwaka uleule. Ilipigwa Vienna, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Roma, London, Bombay na kwingineko. Vienna bado inaipiga hadi leo.

Kwa hiyo mwaka ulioandikwa hausemi kitu. Wajuzi huangalia lulu kwenye bizimu ya begani, idadi na mpangilio wa manyoya ya mkia wa tai, na jinsi maandishi ya ukingoni yalivyotokeza. Tofauti hizo ni ndogo mno kuonekana ukiwa na riale moja mkononi. Zinajitokeza pale unapopanga riale kumi kando kwa kando, na mtu wa kawaida hana riale kumi. Watu kumi waliokaa meza moja wanazo.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya chama cha wakusanyaji, na kwa maoni yetu ndiyo inayozidi nyingine zote: unapata vitu vya kulinganisha, pamoja na macho yaliyokwisha kuona vingi, kabla pesa yako haijatoka mfukoni. Makala hii inaeleza faida hizo kwa kutumia sarafu na stempu za Afrika Mashariki, kwa sababu ndizo zinazopatikana kwa wingi hapa kwetu na ndizo zinazowaponza watu wengi.

Nadra na ya zamani ni mambo mawili

Chukua senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936 yenye tundu katikati na jina la Edward VIII. Mfalme huyo alitawala kuanzia Januari 20 hadi Desemba 11 mwaka huo, akajiuzulu kabla ya kutawazwa rasmi. Sarafu nyingi za himaya ya Uingereza zilihitaji sura ya mfalme, na sura yake haikuwahi kuingia kwenye mzunguko. Lakini senti 5 na senti 10 zetu zilikuwa na tundu, hazikuwa na nafasi ya sura, zikaandikwa jina tu. Muuzaji anayeijua hadithi hii huisimulia vizuri na kutaja bei kubwa. Hadithi ni ya kweli, bei siyo. Sarafu hizo zilipigwa kwa wingi sana, zingine zikiwa na alama ya H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, zingine KN ya King's Norton, na mpaka leo zimo kwenye vikopo vya vijisarafu kila mahali. Inayotafutwa ni ile isiyochakaa kabisa, yenye mng'ao wake wa kiwandani. Iliyosuguka ni ya bei ndogo.

Upande wa pili wa jambo hili ni sarafu duni kwa sura ambayo wengi huipita. Mwaka 1916, Wajerumani wa Afrika Mashariki wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza ili mzigo wowote usipite, walianza kupiga sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli huko Tabora. Walipiga heller 5, heller 20 (heller ilikuwa senti ya rupia ya Mjerumani), na rupia 15 za dhahabu. Kazi ilikoma kabla majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo hayajaingia Tabora Septemba mwaka huo. Rupia 15 yenye tembo inajulikana dunia nzima: zilipigwa 16,198 tu, kwa dhahabu ya asilimia 75 na uzito wa gramu 7.168, na zipo za aina mbili kulingana na mahali nakshi ya kulia inapoishia, chini ya herufi T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA. Hiyo hata mgeni ataisikia.

Heller 20 ya Tabora ndiyo shule yenyewe. Ni kipande kikubwa cha shaba njano au nyekundu, mara nyingi kilichopigwa vibaya, kwa sababu metali iliokotwa popote ilipopatikana. Taji lililo juu ya mwaka huwa kubwa au dogo. Herufi mbili za L katika neno HELLER zina ncha zilizochongoka, au ncha zilizojikunja, au moja imejikunja na nyingine la. Changanya taji hizo na herufi hizo, kisha uzidishe kwa shaba nyekundu na shaba njano, na utaona kwa nini sarafu mbili zinazofanana kwa mtu wa pembeni zinaweza kupishana bei mara nyingi. Kwenye mkutano mzuri, mwanachama mmoja hutandaza zake zote, kioo cha kukuza mara 10 kinapitishwa mkono kwa mkono, na ndani ya nusu saa kila mmoja ameshajua L iliyojikunja ikoje. Ukisoma maelezo hayo peke yako kwenye katalogi, utasoma mara tano na bado utabaki na shaka.

Kipimo cha maji

Jambo la pili unalojifunza chamani ni kupima, na hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Rupia ya fedha ya Mjerumani, kama rupia ya Kihindi iliyotangulia pwani, ina gramu 11.66 na fedha ya asilimia 91.7. Rupia bandia ni nyingi. Zimezidishwa na uvumi unaozunguka Tanzania kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu fulani na kwamba kuna matajiri wanaoinunua kwa mamilioni. Hakuna mkusanyaji anayenunua rupia kwa nguvu zake. Chama chochote cha maana kitakueleza hivyo siku ya kwanza, na hilo pekee limewaokoa watu wengi.

Uzito peke yake hautoshi, kwa sababu rupia halisi iliyosuguka inaweza kupungua hadi gramu 11.4, na bandia inaweza kutengenezwa kwa uzito kamili. Kinachosaidia ni kujua uzito ukilinganishwa na ujazo. Unahitaji mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, bilauri ndogo, maji, na uzi mwembamba wa kushonea.

Pima sarafu ikiwa kavu na uandike. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, kisha rudisha usomaji kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ichovye mara moja na kuitikisa ili vipovu vya hewa vitoke, halafu ining'inize ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa vitendo ni sawa na ujazo wa sarafu. Rupia halali itasoma karibu 1.13. Gawa 11.66 kwa 1.13 unapata 10.3, na hiyo ndiyo namba ya fedha ya kiwango hicho. Ile iliyosuguka yenye gramu 11.4 itasoma 1.10 hivi, na jibu ni lilelile. Ya shaba njano iliyopakwa rangi ya fedha, ikiwa na uzito wa 11.66, itasoma karibu 1.37, na jibu litakuwa 8.5.

Wanaokosea kipimo hiki hukosea mahali palepale. Vipovu vikibaki vimeganda kwenye maandishi, ujazo unaonekana mkubwa na sarafu halali inatoa 9.9 au chini ya hapo. Sarafu ikigusa sakafu ya bilauri, mizani inabeba sehemu ya uzito wake na jibu linaharibika kabisa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzimanzima haifai, kwa sababu unapima kitu cha gramu moja na nukta. Na hata ukifanya kila kitu sawasawa, kipimo hiki kinaweza kukataa, hakiwezi kuthibitisha: mchanganyiko wenye risasi unaweza kufikishwa kwenye 10.3. Ndiyo maana baada ya maji mnarudi kwenye kioo cha kukuza. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ina herufi zilizolegea, vijitundu vidogo kama vya ncha ya sindano, na pengine mstari wa kiungo ukingoni uliosuguliwa kwa tupa. Sarafu iliyopigwa kwa mashine haina hayo. Sumaku nayo ni ya kuanzia: kinachonasa si fedha, lakini kisichonasa bado hakijathibitika kuwa fedha.

Ukimaliza, ikaushe kwa kuibonyeza katikati ya kitambaa laini cha pamba. Usiifute.

Stempu: meno, wino na mihuri

Kwa wakusanyaji wa stempu chama kina uzito zaidi, kwa sababu tofauti za stempu ni ndogo kuliko za sarafu na ughushi wake ni wa ufundi zaidi.

Mfululizo wa Kenya, Uganda na Tanganyika ulioanza mwaka 1938 wenye picha ya George VI, ule wenye jahazi kwenye Ziwa Victoria, simba, korongo na Mlima Kilimanjaro, ulichapwa tena na tena hadi miaka ya 1950. Mashine za kutoboa vitobo vya pembeni hazikuwa zilezile. Stempu ya picha ileile, rangi ileile na thamani ileile inaweza kuwa na kipimo cha 13¼ au 14, na mmoja kati ya hivyo viwili ni wa kawaida huku mwingine ukigharimu mara nyingi zaidi. Kipimo hicho ni idadi ya vitobo katika sentimita 2, na hupimwa kwa kadi maalumu yenye vidoto. Kadi yenyewe ni rahisi. Shida ni kwamba stempu yenye jino lililokatika au pembe iliyolegea inadanganya, na robo tatu ya kitobo haionekani kwa jicho ambalo halijazoea. Mwanachama mzoefu atakuonyesha kuwa unaanza na upande mrefu, unalinganisha urefu wote na siyo meno matatu, na unapima pande mbili tofauti.

Kisha kuna stempu za thamani kubwa za Kenya na Uganda za mwaka 1922 zenye sura ya George V. Mfululizo huo ulipanda hadi pauni 100. Hakuna aliyebandika pauni 100 kwenye barua; stempu hizo zilitumika kulipia kodi kwenye hati, zikafutwa kwa kalamu au kwa mhuri wa ofisi. Iliyotumika kwenye hati ina thamani ndogo sana ikilinganishwa na ambayo haijatumika au yenye mhuri wa posta. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaita mafundi: wino wa kalamu huoshwa kwa kemikali, kisha mhuri wa posta wa uongo unapigwa juu yake. Chini ya taa ya urujuanimno sehemu iliyooshwa mara nyingi hung'aa tofauti na karatasi iliyobaki, na ukiinamisha stempu kwenye mwanga unaweza kuona kivuli cha mkwaruzo wa kalamu. Kama mhuri mwenyewe umeghushiwa vizuri, kinachobaki ni kumbukumbu: posta hiyo ilifunguliwa lini, ilitumia mhuri wa duara moja au mbili, na mhuri huo ulionekana kwa mara ya kwanza tarehe gani. Kumbukumbu za namna hiyo hazimo kwenye katalogi za madukani. Zinatunzwa na vyama vya utafiti, ambavyo wanachama wake huripoti kila bahasha wanayoipata na kuchapisha orodha kwenye jarida la chama. Kwa posta za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, chama cha aina hiyo ni East Africa Study Circle chenye makao Uingereza.

Mfano wa mwisho wa stempu ni ule wa Uganda wa mwaka 1895, ambapo mmisionari Ernest Millar alizitengeneza stempu kwa taipureta, moja baada ya moja, thamani ikihesabiwa kwa kauri, yaani simbi zilizotumika kama pesa. Kitu kilichotengenezwa kwa taipureta kinaweza kuigwa na mwenye taipureta. Ukiletewa "Kauri za Uganda" sokoni, mahali pake ni kamati ya wataalamu. Royal Philatelic Society London, iliyoanzishwa 1869, ina kamati ya namna hiyo, na American Philatelic Society ya mwaka 1886 nayo ina huduma ya uthibitisho. Hutoa cheti chenye picha ya stempu yenyewe. Huduma hiyo hulipiwa, na kuituma stempu ya bei ndogo ni kupoteza pesa. Hapo tena chama cha karibu kinafaa: wenzako watakwambia ipi inastahili kutumwa na ipi ni ya wazi.

Vitabu ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua

Katalogi nzuri za sarafu na stempu ni ghali, na mpya hutoka kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Chama chenye watu ishirini kinaweza kununua moja na kuiazima kwa zamu. Vyama vikubwa vina maktaba kamili; American Numismatic Association, iliyoanzishwa 1891, huazima vitabu kwa wanachama wake kwa posta. Kwa anayeishi Arusha au Bujumbura gharama ya posta inakula faida hiyo, hivyo muhimu kwake ni majarida ya zamani yaliyowekwa kwenye intaneti kwa ajili ya wanachama. Kabla ya kulipa ada ya chama cha nje, ulizia kwanza kama majarida ya nyuma yanapatikana hivyo, na ya kuanzia mwaka gani.

Kununua, kuuza na kubadilishana

Bei ya katalogi si bei ya soko. Ni bei ambayo duka lingeuza kipande kizuri, na muuzaji wa kawaida hupata sehemu tu ya hiyo. Ndani ya chama unapata bei ya katikati: mwenzako ananunua chini ya bei ya duka, nawe unauza juu ya ile ambayo duka lingekupa. Ni faida ya pande zote mbili inayotokana na kumwondoa dalali.

Njia ya zamani ya vyama vya stempu ni vijitabu vya mzunguko. Mwanachama hubandika stempu anazouza kwenye kijitabu, huandika bei chini ya kila moja na kukituma kwa msimamizi. Msimamizi hukusanya vijitabu kadhaa kuwa kifurushi na kukipeleka kwa mwanachama wa kwanza kwenye orodha. Huyu huchomoa anachotaka, hupiga mhuri wake au kutia saini kwenye nafasi iliyobaki wazi, hujaza fomu ya malipo na kupeleka kifurushi kwa anayefuata ndani ya siku zilizowekwa. Chama hukata asilimia ndogo ya mauzo. Kinachoharibika ni cha aina tatu: nafasi iliyoachwa bila saini, ambayo humfanya mtu wa mwisho aonekane mwizi, stempu nzuri iliyobadilishwa na mbovu, na kifurushi kilichokwama kwa mtu mmoja miezi miwili. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mpokeaji ni kukagua kila ukurasa kabla ya kuchomoa chochote, na kumwarifu msimamizi siku hiyohiyo akiona nafasi isiyo na saini.

Kwa sarafu za hapa kwetu, mengi hufanyika siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp na minada ya ana kwa ana. Kundi lenye nidhamu hudai picha za pande zote mbili pamoja na ukingo, uzito kwa gramu, na kauli ya wazi kama sarafu imesafishwa. Pia huwa na mwanachama anayetunza orodha ya mauzo yaliyopita. Orodha hiyo, baada ya mwaka mmoja au miwili, inakuwa kipimo bora cha bei za Nairobi au Dar es Salaam kuliko katalogi yoyote ya Ulaya.

Tahadhari moja tunaiweka hapa bila kuizungusha. Matangazo yanayodai kununua sarafu ya kawaida ya Kenya au Tanzania kwa mamilioni, halafu yakakutaka ulipe kwanza ada ya usajili, ya usafirishaji au ya ukaguzi, ni utapeli. Mnunuzi wa kweli hamdai muuzaji pesa ya kutangulia. Ukiwa chamani utauliza na kujibiwa ndani ya dakika chache. Ukiwa peke yako na shida ya pesa, ni rahisi kuamini.

Sheria, ambayo wengi hawaijui

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa zinaingia humo moja kwa moja, na kuchimba kwenye magofu ili kuzitafuta ni kosa. Kwa Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa mambo ya kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Soma tena tarehe hiyo. Rupia ya Mombasa ya kampuni ya Imperial British East Africa ina mwaka 1888, na pesa za shaba za Sultan Barghash zenye picha ya mizani zina mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882. Mtu aliyepo Mombasa anayetaka kuituma sarafu ya namna hiyo kwa mnunuzi wa Dubai au London anapaswa kuulizia kibali kwanza.

Chama kina faida mbili hapa. Kinawakumbusha wanachama mambo haya kabla hayajawa kesi, na kinajenga tabia ya kuandika asili ya kila kitu: kimenunuliwa kwa nani, wapi, lini, kwa bei gani. Kitu chenye maelezo hayo huuzika kwa urahisi zaidi. Kisicho nayo, hasa kama bado kina udongo, chama makini hakitakubali kiingie kwenye mnada wake.

Utunzaji kwenye joto na unyevu

Ushauri mwingi wa vitabu uliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Wanachama wa pwani wamejifunza mengine. Gundi ya nyuma ya stempu mpya hulainika kwa unyevu wa masika, na albamu zikipangwa moja juu ya nyingine stempu zote zinagandana na kurasa. Albamu zisimame wima kama vitabu, zisibanwe, na ndani ya kabati kuwe na vifuko vya silika vinavyokaushwa upya kila vikibadilika rangi. Stempu zishikwe kwa kibano, kwani jasho la kidole huacha alama ya kahawia baada ya muda.

Kwa sarafu, adui ni plastiki laini yenye harufu kali, ile ya vifuko vya bei nafuu. Ina PVC, na kwenye joto hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani unaonata juu ya shaba na fedha. Tumia vifuko vigumu visivyo na harufu au kadi zenye dirisha. Kadi zikibanwa kwa pini za stepla, bapaza pini kwa koleo, la sivyo zitakwaruza sarafu ya jirani. Raba za kufungia pesa zina salfa na huweusha fedha.

Na usisafishe. Dawa ya meno, ndimu, majivu na mafuta ya kung'arishia shaba huondoa ngozi ya juu ya sarafu, na hakuna kinachoirudisha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kabla ya 1948 ina gramu 7.78 na robo yake tu ndiyo fedha, hivyo ikisuguliwa inabaki na thamani ya chini ya gramu 2 za fedha. Zilizoanza 1948 hazina fedha hata kidogo.

Kuchagua chama na kuingia

Vyama vya nje hutaka fomu, ada ya mwaka, na mara nyingine wadhamini wawili ambao ni wanachama. Ukikosa wadhamini, mwandikie katibu ueleze unakusanya nini. Huyo ndiye mwenye kazi ya kukutafutia. Vyama vya mitaani na makundi ya simu huwa wazi zaidi, na ndiyo pa kuanzia. Ofisi za stempu za mashirika ya posta Nairobi na Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuulizia nani anakutana wapi, kwa sababu wanunuzi wao wa kila toleo jipya ndio haohao wakusanyaji.

Hudhuria mara mbili kama mgeni kabla ya kulipa. Angalia kama wanachama wanaleta vitu vyao mezani au wanauza tu. Uliza katiba, nani mweka hazina, na mgogoro wa mauzo huamuliwaje. Chama ambacho mwenyekiti ndiye muuzaji mkuu, mthibitishaji na mpanga bei kina kasoro isiyorekebishika. Na katika mikutano ya mwanzo leta vipande vichache, usitaje unaishi wapi wala una jumla ya vingapi. Wezi nao husikiliza.

Jambo moja liandikeni mapema na chama: nini kitatokea ukifariki. Mara nyingi warithi huuza kwa kilo kwa anayebisha hodi kwanza. Tengeneza orodha yenye picha ya mbele na nyuma ya kila kipande muhimu, uzito, ulikonunua na bei uliyolipa. Nakala moja iwe na mke, mume au mtoto aliye karibu nawe, nyingine katika bahasha iliyofungwa kwa katibu. Juu ya orodha andika majina ya wanachama wawili ambao familia iwaite kukadiria thamani, na wote wawili wakubaliane kwa maandishi kwamba hawatanunua chochote katika mkusanyiko huo mpaka mtu wa tatu ametaja bei.